Siku Mama Alipoonja Maji ya Ziwa Ontario

Kiangazi cha 2018 mama alikuja Toronto kututembelea, akitoka Shela, Lamu. Wageni wangu wote nilikuwa nikiwaanzishia CN Tower, na yeye nikamwanzishia huko huko. Mnara ule una urefu wa mita 553. Ulifunguliwa 1976, na kwa miaka zaidi ya 30 haukuwa na mpinzani duniani kwa majengo yanayosimama peke yake, hadi lilipoinuka Burj Khalifa la Dubai. Lifti ilitufikisha juu kabla dakika haijatimia. Mama akasema Bismillahi, akakanyaga sakafu ya kioo, mita 342 kutoka ardhini, akayatazama magari yakipita chini ya miguu yake, kisha akaondoka bila neno. Alichokitaka ni dirisha la kusini, upande wa maji.

"Kule kijani kule ni wapi?"

"Ni visiwa, mama."

"Basi twende."

Feri huondokea gati lililo mwisho wa barabara ya Bay. Nauli hulipwa upande wa mjini tu; wakati wa kurudi hakuna anayekudai. Binti yangu alitaka tukae ndani, lakini mama alikuwa ameshafika mbele kabisa, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umeshika mtandio usichukuliwe na upepo. Marehemu babake alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, na mama alilelewa katika nyumba ambayo shughuli zote, kuanzia safari mpaka harusi, zilipangwa kwa kutazama bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo.

Tuliposhuka Centre Island aliinama kuzichungulia nguzo za gati. Alikuwa akitafuta alama ya maji kujaa. Hakuiona.

"Hapa maji hayapwi?"

Nilikuwa nimemweleza tangu nyumbani kwamba hili ni ziwa, naye alikuwa amenisikia. Lakini tulipovuka kisiwa hadi ufukwe wa kusini, akaona mawimbi yanavunjika, shakwe wanalia, na ng'ambo haionekani, hakuridhika na maneno yangu. Alivua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akachota kwa kiganja na kuonja.

"Matamu," akasema, na akaonja tena.

Nikamwambia kwamba mwezi huyavuta maji ya huku pia, ila ziwa ni dogo mno kwa kazi hiyo, na tofauti yake ni sentimita chache tu. Kinacholipandisha na kulishusha ni mvua, theluji inapoyeyuka, na maji yanayoingia kutoka Niagara. Mwaka uliotangulia, 2017, lilijaa kiasi cha kufurika visiwani, na bustani zikafungwa kwa wageni mpaka mwisho wa Julai. Mama alifikiri kidogo.

"Basi bamvua yake huja na mwaka, haiji na mwezi."

Tulikodi baiskeli ya magurudumu manne, mimi na binti yangu tukikanyaga pedali na mama ameketi kama abiria, tukaelekea magharibi hadi Gibraltar Point. Huko kuna mnara wa taa wa mawe, wenye mlango mwekundu, uliojengwa 1808. Ni miongoni mwa minara ya taa ya zamani kabisa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Umesimama kati ya miti, kama mita 100 kutoka majini. Mama aliuzunguka, akapapasa mawe yake, akageuka kutafuta ziwa liko upande gani. Nikaanza kumsimulia nilichokuwa nimekisoma, kwamba ulipojengwa mawimbi yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Hakuniacha nimalize.

"Mchanga," akasema.

Mtu wa Shela haelezwi habari za mchanga; vilima vyake viko nyuma ya nyumba zetu, na kila upepo wa kusi huvibadilisha sura. Akamketisha mjukuu wake kwenye nyasi. Nilimwongezea tu yale ya Toronto: kwamba mchanga huu wote ulimomonyoka katika magenge marefu ya ufukweni, huko Scarborough, mashariki ya mji, ukasukumwa na mawimbi hadi hapa, na kwamba visiwa hivi vilikuwa rasi moja iliyoshikana na bara mpaka dhoruba ya 1858 ilipoikata. Mama akamfupishia mtoto: "Maji yakila huku, hutapika kule." Binti yangu ni mtu mzima sasa na bado hulisema neno hilo.

Mimi siudharau ule mnara mrefu, wala sisemi wageni wasiende kwenye maduka ya Eaton Centre. Lakini Toronto bila ziwa haielezeki. Mwaka 1793 naibu gavana wa Waingereza, John Graves Simcoe, aliuweka mji pale kwa sababu ya bandari, na bandari ile ilikuwa salama kwa kuwa ulimi huu wa mchanga uliikinga na mawimbi. Maghorofa yote yale yamefuata baadaye.

Wakati wa kurudi nilimwambia kwamba upande wa mashariki, Ward's Island na Algonquin, kuna watu mia kadhaa wanaoishi mwaka mzima bila magari, mizigo yao wakiivuta kwa baiskeli na vigari vya mkono.

"Hao ni Waamu," akasema, akimaanisha watu wa kwetu Lamu, "ila wamekosa punda."

Usiku alimpigia simu mama mdogo. Nilimsikia akiulizwa habari za maghorofa, akajibu kuwa yapo, mengi. Kisha akaanza na maji matamu yenye mawimbi, akaingia kwenye mnara wa taa ulioachwa na ufukwe, na mama mdogo akawa anamuuliza upepo wa huko hutoka wapi, na mchanga wake ni mweupe au mwekundu.