Saruji ya mjomba ilivyoingia kwenye CV yangu

Nilimaliza stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2019. Kufikia katikati ya 2021, kwa hesabu ya daftari langu, nilikuwa nimetuma maombi sehemu 63. Usaili nilioitwa ni mmoja tu, nao niliitwa kwa makosa: walikuwa wanamtafuta mtu tuliyefanana jina.

CV yangu ilitengenezwa steshenari moja hapa Mwanza, jirani na stendi ya Buzuruga. Kijana wa pale alikuwa na CV moja kwenye kompyuta. Anafuta jina la mteja wa jana, anaweka lako, unatoa shilingi 3,000, unaondoka na flashi yako. Ndivyo ilivyobaki, kwenye sehemu ya malengo, sentensi inayosema ndoto yangu ni kuhudumia wagonjwa kwa upendo na kutunza siri zao. Mteja wa jana alikuwa muuguzi. Niliituma hivyohivyo kwa miezi saba, viwanda vya samaki, kampuni za usafirishaji, hadi ghala la mbolea.

Aliyeigundua ni shemeji, mke wa kaka, ambaye ni afisa utumishi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?"

"Sina kazi, shemeji. Niko tu dukani kwa mjomba."

"Dukani unafanya nini?"

"Nakaa tu."

"Haya, wewe umekaa. Mzigo ukija anapokea nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuhadithia mambo ambayo sikuwahi kuyahesabu kuwa kazi. Mjomba anauza vifaa vya ujenzi. Nilipofika, kila mwezi tulikuwa tunatupa mifuko tisa, kumi ya saruji iliyoganda, na masika ndiyo zaidi. Vibarua walikuwa wanapanga mzigo mpya juu ya wa zamani, wateja wanauziwa wa juu, wa chini unakaa hadi unakuwa jiwe, tena sakafuni, ukiwa umeegemea ukuta unaovuta unyevu. Nikatafuta mbao tukainua mifuko, tukaiachanisha na ukuta, nikaipanga safu mbili na kuandika kwa chaki tarehe ya kupokelewa. Iliyotangulia kuingia inatoka kwanza. Mjomba aliita uchawi wa chaki, lakini mifuko ya kutupa ilishuka hadi miwili, na miezi mingine hakuna.

"Na hii haimo kwenye CV," shemeji akasema, kama mtu anayesoma hukumu.

Tuliandika upya usiku ule, na mstari huo mmoja ulituchukua karibu saa nzima. Mimi nilianza na "nilihusika na shughuli mbalimbali za stoo". Akaukata. Shughuli mbalimbali ndiyo nini? Nikajaribu kujiita meneja wa stoo. Akaukata huo pia, maana mjomba akipigiwa simu atashangaa. Tukaishia hapa: msaidizi wa stoo; nilipokea na kutoa saruji, nondo na misumari katika stoo ya mifuko 400; nilipunguza saruji inayoharibika kutoka mifuko 10 hadi 2 kwa mwezi kwa kuipanga kwa tarehe. CV yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kwa sababu tangazo lilikuwa la Kiingereza, ila kila mstari tuliupatanisha kwanza kwa Kiswahili. Nilipoanzia kwenye Kiingereza nilikuwa naandika maneno makubwa yasiyo na kitu ndani.

Dini, hali ya ndoa na kupenda kutazama mpira vilitoka. Kurasa nne zikawa mbili. (Kwa nafasi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira nina nakala nyingine ndefu, maana wao wanataka maelezo ya kujitosheleza, na vyeti kamili, hati ya matokeo ya muda hawaipokei.)

Wadhamini ndio walituletea ubishi. Nilikuwa nimeweka wahadhiri wawili ambao hata sura yangu hawaijui, mmoja namba yake haipatikani tangu lini sijui. Mjomba hafai, ni ndugu. Shemeji akauliza ni mteja gani mkubwa aliyenijua kazini. Nikamtaja mkandarasi mmoja anayechukua nondo kwetu, lakini nikasema huyo hapana, tulishawahi kukosana. Akasema mpigie umwombe. Nilimpigia nikiwa nimesimama nje, gizani, sijui kwa nini. Akajibu neno moja: "Weka."

Wiki tatu baadaye niliitwa na kampuni ya kusambaza vinywaji. Swali la kwanza lilikuwa saruji. La pili pia. Nilieleza hadi nikaomba karatasi niwachoree zile safu mbili. Mwishoni mmoja wao akaniambia walishaongea na mdhamini wangu, na kwamba aliwasimulia siku nilipomkatalia nondo za milimita 12, gari limeshawashwa, kwa sababu hakuwa na karatasi ya mjomba.

"Anasema alikutukana sana."

Nikasema ni kweli, alinitukana.

"Unaweza kuanza Jumatatu?"