Kilo za dagaa zilizopotea mwaloni Kibirizi

Nilikuwa nahudumia ripoti za kikundi cha wenye mitumbwi mwaloni Kibirizi, Kigoma mjini. Kikundi kilikuwa kinatoa mikopo ya injini, na kigezo kilikuwa jumla ya kilo alizoshusha kila mwanachama. Ripoti ilishaandikwa na fundi aliyenitangulia. Kazi yangu ilikuwa kuichapa.

Mama mmoja akaja na daftari lake. "Mwanangu, mtumbwi wangu unashuka ziwani kila giza. Mbona karatasi yenu inanipa kilo kiduchu hivi?"

Tukakaa, tukalinganisha mstari kwa mstari. Dagaa wake wote walikuwemo kwenye jedwali. Usiku mmoja: dagaa kilo 140, samaki aina ya migebuka patupu, na kwenye jumla ya usiku ule napo patupu. Nikamwita karani. Akasema migebuka wasipopatikana, haandiki kitu.

Kumbe ndiyo hiyo. Kwenye SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, pasipo na kitu hapahesabiwi kuwa sifuri. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. Ukijumlisha 140 na kisichojulikana, jibu nalo halijulikani. Kisha SUM, amri ya kujumlisha, ya chini kabisa inairuka mistari mitupu kimyakimya. Kila usiku mama aliopata dagaa peke yao ulikuwa umefutika, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Hilo liliniuma sana, maana ripoti ingegoma tungeitengeneza siku ileile. Hii ilichapa vizuri, watu wakaiamini.

Dawa yake ni amri ya COALESCE, inayochukua thamani ya kwanza isiyo tupu. Wanaotumia hifadhidata ya Oracle wana NVL pia, wa SQL Server wana ISNULL. Lakini mahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Nikaizungushia kila safu kabla ya kujumlisha: COALESCE(dagaa, 0) + COALESCE(migebuka, 0). Ungeizungushia jumla nzima, zile kilo 140 za mama zingegeuka sifuri.

Mzee mwenyekiti alipoona imekubali, akasema, "Basi kijana wangu, jaza sifuri kila mahali tumalize."

Nikamwomba asubiri, kwa sababu ripoti ilikuwa na safu ya wastani wa kilo kwa usiku. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa nchi kavu. Siku hizo zilikuwa na mistari jedwalini, mitupu kote. Nikamwandikia kwenye karatasi siku tatu: 90, sifuri, tupu. Ile sifuri ni mtu aliyeshuka akarudi mikono mitupu, tupu ni yule ambaye hakushuka. AVG, amri ya wastani, inairuka tupu, inagawa kwa mbili, unapata 45. Ukijaza sifuri inagawa kwa tatu, unapata 30.

Mzee akaitazama ile karatasi. "Kwa hiyo mbalamwezi itahesabiwa kama njaa?"

"Ndiyo, mzee."

Akamgeukia karani, akamwambia kuanzia usiku ule aandike: ameshuka, hakushuka, au hakuleta taarifa. Nikaongeza safu ya hali, na pembeni ya wastani nikaweka idadi ya siku zilizokosa taarifa, ili anayesoma ajue wastani umesimama juu ya siku ngapi. Orodha ya mikopo ilichapwa upya jioni ile, na kilo za mama zote zilikuwemo.