Viatu Karibu na Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimepanga tutafakari juu ya shukrani, na maandiko nilikuwa nimeshayachagua. Lakini usiku wa Jumanne ardhi ikatikisika. Haikuwa kwa nguvu. Sufuria zilizo juu ya kabati ziligongana, mbwa wakabweka mtaa mzima, kisha kimya. Sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, mitikisiko ya namna hiyo tumeizoea, wengi hugeukia upande wa pili na kuendelea na usingizi. Mimi nilitoka nje, nikatazama kaskazini kama tunavyofanya sote. Juu ya Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano, mawingu yalikuwa na ule wekundu tunaoujua. Nikasema moyoni, hakuna jipya.

Nilipogeuka ili nirudi ndani, nikamwona jirani yetu uani kwake. Ni mama mjane, umri umekwenda, goti la kulia linamsumbua. Alikuwa ameketi juu ya jiwe la volkano, kitenge kimefungwa vizuri, mfuko juu ya mapaja, viatu miguuni, na kamba za viatu zimefungwa mafundo mawili mawili.

Nikamwambia, "Mama, rudi ulale. Bwana ndiye mlinzi wetu. Tuwe na imani."

Nililisema kwa ile sauti yangu ya mzee wa kanisa. Akanitazama kwa upole, akajibu: "Imani ninayo, mwanangu. Hata mwaka ule sikukosa imani. Nilikosa viatu."

Wapendwa, tangu usiku ule neno hilo halijaniacha.

Mwaka ule ni 2002. Wale mliokuwapo hamhitaji kusimuliwa. Tarehe 17 Januari mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka na kuingia katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaunguza kanisa kuu na maelfu ya nyumba, ikaenda kuzimikia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mama huyu alitoka peku. Baada ya siku chache alirudi kutafuta nyumbani kwake, akapita juu ya mawe ambayo juu yalikuwa meusi na chini bado yana moto. Jumatano asubuhi, nilipokwenda kumwomba radhi, alinionyesha nyayo zake. Sitazieleza. Niseme tu kwamba nilikuwa nimemhubiria imani mtu aliyevuka moto akiimba, kwa sababu tu alikuwa amevaa viatu usiku.

Nikarudi nyumbani kutazama mfuko wetu. Sisi pia tunao, tuliuandaa baada ya mlima kulipuka tena 2021, ukaning'inizwa nyuma ya mlango. Nikaufungua mbele ya mke wangu. Tochi haikuwamo, tunaitumia kwendea chooni. Betri za akiba ziko kwenye redio. Vyeti vya watoto vilitolewa siku ya kuandikisha shule, havikurudi. Kilichobaki ni blanketi moja na viatu vya kijana wetu vya alipokuwa na miaka saba. Leo anavaa vya mama yake. Tulikaa pale kitandani tumeshika viatu vidogo vile, hakuna aliyesema neno.

Hivi ndivyo mtu anavyozoea. Mnayajua mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia kwenye mabonde na mashimo, haina rangi wala harufu, na mtoto anayeshuka kuokota mpira hulala usingizi asiamke. Hakuna kelele, hakuna moto. Nadhani mazoea nayo hukaa hivyo hivyo ndani ya mtu, mahali pa chini, na mtu mwenyewe anaita amani. Mimi niliita imani.

Kwa hiyo nimerudi kwenye Zaburi ya 46, ile tunayoisoma kila mlima unapochafuka. "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu." Nimeisoma tangu utotoni, nimeihubiri sijui mara ngapi, na sikuwahi kulisikiliza neno lenyewe. Kimbilio! Limetoka wapi neno hili kama si kwenye kukimbia? Kimbilio ni mahali mtu anapopakimbilia. Asiyekimbia anacho kiti, ana kitanda, ana nyumba yake nzuri, lakini kimbilio hana. Sisi tumeigeuza Zaburi hii kuwa wimbo wa kukaa. Tunaiimba tumeketi, tumefumba macho, tumefunga mlango, na anayeinuka tunamtazama vibaya.

Tafuteni tena neno hilo katika Mathayo sura ya pili. Malaika anamtokea Yusufu usiku, katika ndoto. Hamwambii alale kwa imani kwa kuwa mtoto huyu ni Mwana wa Mungu na hakuna wa kumgusa. Anamwambia, "Ondoka, umchukue mtoto na mama yake, ukimbilie Misri." Ukimbilie! Mwokozi wetu alikuwa mkimbizi kabla hajajua kutembea vizuri. Na Yusufu aliondoka usiku ule ule. Biblia haisemi alitafuta kwanza nini, alibishana na nani. Naona ni mtu ambaye vitu vyake havikuwa mbali na mkono wake.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, hasa sisi tunaoshika maikrofoni. Tumewatesa watu. Mama akimwandalia mtoto wake mfuko, tunasema ana roho ya hofu. Kijana akifuatilia taarifa za wanaopima mlima, tunasema anasikiliza wanadamu. Familia ikilala nje siku za mitetemeko, tunawaombea kana kwamba wamerudi nyuma. Nani alitutuma kusema hayo? Mithali imeshasema kwamba mwerevu huyaona mabaya na kujificha, na wajinga huendelea mbele na kuumia. Kujificha huko Biblia imekuita werevu. Sisi tumekuita ukosefu wa imani. Tutubu. Nimeanza mimi.

Na lile jambo lingine la kusema volkano iliwafuata wenye dhambi, mtaa fulani uliungua kwa sababu ya baa zake, Bwana alilijibu aliposema habari za wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. "Nawaambia, Sivyo." Buhene, kaskazini mwa mji wetu, iliungua mwaka 2021. Kulikuwa na waombaji Buhene. Niishie hapo.

Acha niwape ushuhuda ambao sijawahi kuutoa kanisani.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi, jioni, tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Wakati wa saa moja hivi mtu akaingia akisema mlima umewaka. Tukatoka mlangoni, anga ilikuwa nyekundu, wekundu usio wa kila siku. Mlima haukuwa umepiga hodi. Watu wakaanza kushika mabegi yao. Nikawaambia, "Hapana, hakuna kutoka. Tuombe kwanza." Nikafunga mlango na kuanza kuomba, tena kwa sauti. Wapendwa, sikuwa naomba. Nilikuwa naogopa, na maombi marefu yalinipa sababu ya kutofanya lolote.

Katikati ya maneno yangu nikasikia mkono umenishika. Ni kijana wetu mpiga gitaa, hakuwa hata na miaka ishirini. Akaninong'oneza sikioni, "Mzee, tuseme amina. Watoto wako wako nyumbani." Nikaendelea kuomba. Akanishika kwa nguvu zaidi, akasema mwenyewe "Amina" kwa sauti ya kusikika na wote, akanivuta hadi nje. Nilikasirika. Mtoto mdogo amenikatiza madhabahuni!

Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa barabarani na watoto wawili. Wa tatu alikuwa ameondoka na majirani, wakipita upande tusioujua. Usiku kucha tulitembea ndani ya watu, magodoro vichwani, wazee juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, majina ya watoto yakiitwa kila upande. Tulimpata siku ya pili alasiri, huko Gisenyi, amelala kwenye baraza ya watu, mkono umeshika gauni la dada wa jirani. Wako wazazi ambao walitafuta muda mrefu kuliko sisi. Volkano ilikata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege, nasi mtaani kwetu haikufika. Siku tano baadaye ikatolewa amri mitaa kumi ihame, tukaondoka tena, safari hii kuelekea Sake, upande wa magharibi, ardhi ikitikisika chini ya miguu.

Kwa miaka hii yote nimekuwa nikishuhudia kwamba Mungu alituokoa. Ni kweli, nami namshukuru. Lakini nilikuwa naruka kipande cha ule mkono. Wiki hii nimesoma Mwanzo 19 na nikajiona. Lutu ameshaambiwa mji unateketezwa, ameshaamini, na bado Neno linasema "akakawia-kawia." Naye mwenye haki! Kisha inafuata ile sentensi iliyonitoa machozi: wale watu wakamshika mkono, na mkono wa mkewe, na mkono wa binti zake wawili, "kwa jinsi BWANA alivyomhurumia." Rehema ya Mungu kwa Lutu haikuwa moto kuzimwa. Ilikuwa mkono wa kumshika na kumtoa nje.

Basi hapa ndipo ninapowasihi, na mengine mkiyasahau hili mlishike. Ni nani wa kumshika mkono mzee wa mtaani kwenu? Namaanisha kwa jina. Yule mama aliyejifungua juzi, yule baba asiyesikia vizuri ambaye kelele za usiku hazitamwamsha, yule mtoto ambaye baba yake hulinda usiku kazini, nani anakwenda kwao? Mwaka 1977 ziwa lote la moto lililokuwa kule juu lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko ile lava ilikimbia kuliko mtu. Muda wa kuulizana hautakuwapo. Upendo wa namna hii huandaliwa mchana, mkiwa mmekaa, chai iko mezani. Chumba cha kila mtu kiko wapi, mlango unafunguka upande gani, tunapotezana tunakutana wapi, watoto wanaijua namba ya simu ya nani kwa kichwa. Wafundisheni pia wasikimbilie mabondeni ambako mazuku hulala. Na taarifa za mlima tusikilize redioni, kwa wenye kazi hiyo. Zile sauti zinazosambazwa kwenye simu usiku, zisizo na jina la msemaji, mzifute bila kuzituma mbele.

Najua kuna watu wa mbali wanaouliza kwa nini hatuhami kabisa. Wanauliza kwa nia njema. Lakini tuhamie wapi? Upande mmoja ziwa, upande mwingine mpaka, na kule vijijini vita ndiyo iliyotuleta wengi hapa. Tumezika wazazi wetu hapa, tumejenga kwa mawe ya volkano ile ile iliyotubomolea. Bwana anajua tunapokaa. Isaya anasema milima itaondoka na vilima vitaondolewa, bali wema wake hautaondoka kwetu. Mtu anayeishi mbali anaweza kuusoma mstari huo kama mfano. Sisi huusoma tukitazama dirishani.

Na wewe ambaye hofu imekukalia, unayeamka kila mbwa anapobweka, sikukemei. Eliya alipopita kwenye tetemeko na moto, Bwana hakuwamo katika vile. Alikuja katika sauti ndogo, ya utulivu. Ukiisha kuweka viatu mahali pake, lala. Umefanya sehemu yako.

Alhamisi jioni nilikwenda tena kwa Mama, safari hii na kijana wangu mkubwa. Tulimwomba tujaribu njia. Akacheka kidogo, akachukua mfuko wake, akanipa mkono wa kushoto, kijana akashika upande wa goti bovu. Kutoka mlangoni kwake hadi barabara kubwa kuna mawe mawili ya kupanda na mfereji mmoja. Penye mfereji ilibidi tumbebe. Tulitumia dakika kumi na moja. Kijana akasema akitangulia yeye na kuweka ubao juu ya mfereji tunaweza kupunguza. Ubao ameshautafuta, uko nyuma ya nyumba yetu. Jumatatu tunajaribu tena, usiku, bila taa, na Mama amesema atakuwa amevaa.