Maua ya Baba Salma

Bado namjibu yule bibi wa Córdoba, kule Uhispania, ingawa nimekwisha kurudi Tanga na yeye bila shaka amekwisha kunisahau. Mkutano wa wakunga ulimalizika Madrid siku ya Ijumaa, mada yangu ikapokewa vizuri kuliko nilivyotarajia, na barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma iliyonikosesha usingizi tangu Ramadhani ikaingia kwenye simu kabla sijatoka ukumbini. Lakini yote hayo yamekaa pembeni, na kinachonirudia ni maneno mawili niliyoambiwa Jumamosi uani kwa watu.

Nilikuwa nimepanda treni ya mwendo kasi asubuhi kutoka Madrid hadi Córdoba, safari isiyofika saa mbili, kisha nikatembea taratibu hadi mtaa wa San Basilio, ambako vyungu vya maua ya jerani hutundikwa ukutani kuanzia usawa wa goti hadi karibu na paa. Mashindano yao ya nyua za maua hufanyika Mei, nami nilikwenda Septemba, kwa hiyo hapakuwa na foleni. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani, bibi aliyevaa aproni alikuwa akimwagilia vyungu vya juu kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu: analiinua likiwa limejaa, analiinamisha kidogo tu, na maji yanaingia chunguni bila kuacha michirizi kwenye chokaa. Mjukuu wake aliyejua Kiingereza alitutafsiria. Nilimweleza kwamba nami nina maua nyumbani. Akauliza, "Na sasa hivi nani anayamwagilia?" Nikajibu, "Mume wangu." Akashusha ufito, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Basi yamekufa."

Nikacheka kwa adabu ya mgeni. Jibu lilinijia nilipokuwa katikati ya daraja la Warumi, juu ya mto Guadalquivir: bibi, huyo mume ndiye aliyeiotesha asumini yetu kwa kijiti alichopewa msibani, na tangu astaafu bandarini hanywi chai kabla ya kuimwagilia. Nilipofika ng'ambo, penye mnara wa Calahorra, nilikuwa nimelirefusha, niliporudi nikalifupisha. Nikaingia nalo katika uliokuwa Msikiti Mkuu wa Córdoba, katika ule msitu wa nguzo zaidi ya 800, nyingi zikiwa zimeokotwa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watawala waliowafuata, zikibeba matao ya matofali mekundu na mawe meupe yaliyopandana mawili mawili. Ujenzi wake ulianza mwaka 785 au karibu na hapo, chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, amiri wa Kiislamu wa Córdoba. Mji ukatwaliwa na Wakristo mwaka 1236, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa kuu katikati ya nguzo hizo. Nilikuwa nimekusudia kulikasirikia kanisa lile, kama wafanyavyo wageni wengi, lakini hasira yangu ilikuwa na mtu mwingine.

Jioni, nikiwa mbele ya bakuli la salmorejo, ile supu yao baridi ya nyanya na mkate, niliyoomba isitiwe nyama ya nguruwe juu, nilimpigia Baba Salma nikamsimulia. Alicheka sana. "Huyo bibi ana haki yake," akasema, "mrehani wa dirishani umekauka tangu juzi." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Hivi asumini huweza kung'olewa ikahamishwa?" Sikuwa nimemwambia bado kuhusu barua, alikuwa ameisikia kwa shemeji. Tukabaki kila mmoja na simu yake sikioni, mimi nikitazama watu wakipita na watoto wao kana kwamba mji mzima hauna pa kuwahi, na hamu yote ya kumshinda yule bibi ikaniisha.

Asumini yenyewe nimeikuta imechanua, ila mizizi yake imepita chini ya karo la kufulia, na Dodoma kwa sasa siwezi hata kuiwazia. Salma amerudi kutoka bwenini na kikohozi kile kile cha mwezi wa saba. Anasema ni vumbi. Jana usiku nilimsikiliza kupitia ukutani, na kesho nitampeleka apigwe picha ya kifua.