Lupasi, ubongo na sahani ya sukuma

Mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, akipinda mdomo, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, asingoje kuche. Ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mara nyingi chanzo ni kingamwili zinazogandisha damu kwenye mishipa ya ubongo. Kipimo cha kingamwili hizo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, maana maambukizi huweza kuzipandisha kwa muda tu.

Zikithibitishwa, wengi hupewa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ikilengwa kati ya 2 na 3. Hapo ndipo sukuma wiki, mboga ya kila jioni hapa Kisumu, inapoleta kizaazaa: vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa. Usiiache, ila kiasi kisibadilike. Rundo zima leo, kesho omena tupu, INR itayumba. Ugali hauna kosa. Diklofenaki ya dukani, dawa ya maumivu, ndiyo hatari: huongeza kuvuja damu.