Duara kwanza, drili baadaye
Wenzangu wa thieta hapa Mombasa, ninyi mnaounga mapaja ya majeruhi wa bodaboda: mnapofanya mazoezi kwenye miwani ya uhalisia pepe, anzeni na skrubu za chini za nondo ya paja, yaani chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa. Hapo ndipo picha za eksirei huliwa ovyo.

Tundu la skrubu kwenye nondo lazima lionekane duara kamili kwenye picha. Likiwa kama yai, mionzi inaingia mshazari. Zungusha au inamisha mkono wa C (mashine ya eksirei ya thieta yenye umbo la C) nyuzi chache, badiliko moja kwa wakati, kisha piga picha. Ukibadilisha mawili pamoja hutajua lipi limesaidia. Ncha ya drili ikae katikati ya duara, halafu inua drili ilingane na mionzi. Ikiteleza milimita chache tu juu ya mfupa, skrubu itapita kando ya nondo.

Kwenye miwani unarudia mara 20 bila mionzi hata chembe. Ila haikufundishi uzito wa aproni ya risasi, ile ya madini ya kukinga mionzi. Na kwa picha ya ubavuni, simama upande wa kipokea picha, kwani mionzi inayotawanyika ni kali zaidi upande wa bomba linalotoa mionzi. Kutoka mita 1 hadi 2, dozi hushuka hadi karibu robo. Hata ndani ya miwani, rudi nyuma kabla ya kukanyaga pedali ya kupiga picha.