Siku moja na sindano nisiyoishika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Adhana, kisha punda wa jirani, kisha adhana ya msikiti wa pili. Hapa Mkomani, mtaa wa Lamu, saa ya kengele ni ya kazi gani? Nasali, nashuka, namkuta bibi ashaketi dakani na kofia ya vito anayoishona kwa mkono, tundu kwa tundu. Hii aliianza kabla ya Ramadhani na bado hajafika nusu. Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi, basi.

Saa mbili napanda chumbani. Mtaani wanajua nafanya "kazi ya kompyuta". Kazi yenyewe ni kuitafutia sindano njia ya kufika kwenye ini. Nilisomea upigaji picha za hospitali, na sasa niko na kikundi kidogo kilichoko ng'ambo kinachotengeneza programu ya kumsaidia daktari kupanga: achome wapi ngozini, aelekeze wapi, aishie wapi. Si sindano ya dawa hii. Ni ile ya kuunguza uvimbe, ncha yake ikitoa mawimbi ya maikrowevu. Picha za CT tunazotumia, yaani eksirei zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande, ni za wagonjwa waliokwisha tibiwa, majina yamefutwa. Mimi napewa namba tu.

Ya leo ina vipande zaidi ya 300. Naifungua kwa 3D Slicer, programu ya bure iliyoanzia Boston mwaka 1998, na Mungu awabariki walioamua isiuzwe. Ini lapakwa kahawia, mishipa buluu, mfuko wa nyongo kijani. Kompyuta hupaka yenyewe; yangu ni kusahihisha, kipande baada ya kipande, na hapo ndipo macho huuma.

Uvimbe una upana wa milimita 22 na umekaa pabaya: upande wa kulia, juu kabisa, chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kwa hesabu ya Couinaud, yule mpasuaji Mfaransa aliyeligawa ini mafungu 8 mwaka 1957, hili ni fungu la 8. Mbele mbavu, juu pafu, kando mshipa mpana. Tena lote hupanda na kushuka mgonjwa avutapo pumzi, sentimita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Na mshipa hauogopewi kwa kutoboka peke yake. Damu ipitayo huondoka na joto, kama kusi inavyolinyang'anya jiko la makaa, na uvimbe ulioegemea hapo waweza kubaki mzima upande mmoja. Daktari anataka uungue wote, pamoja na ukingo wa angalau milimita 5 kuuzunguka, bora 10.

Saa nne na robo stima ikapotea. Betri yangu imezeeka, kompyuta ikazima papo hapo, nami sijahifadhi. Dakika arobaini za mishipa, zote baharini.

Nikashuka kupunga upepo. Bibi akauliza, "Hiyo sindano yako ina urefu gani?"

"Sentimita ishirini."

Akaninyooshea yake, fupi kuliko kidole. "Ningekuwa na hiyo yako ningejitoboa jicho. Sindano ndefu haisumbui ndani ya kitambaa, mwanangu, husumbua nje." Nikacheka. Stima iliporudi saa sita nilikuwa nimeshasahau.

Adhuhuri, wali wa nazi na samaki, narudi juu.

Saa nane na nusu ndiyo saa niipendayo. Programu hujaribu maelfu ya vituo vya ngozi, kila kimoja na mstari wake hadi kwenye uvimbe. Mstari ukikata mfupa, pafu, utumbo au mshipa mkubwa, kituo hutupwa. Vinavyosalia hushindanishwa: urefu wa njia, umbali na mishipa, na iwapo sindano inaliingia ini wima au kwa mshazari, maana ikilala mno huteleza juu ya utando. Mwisho kifua chote hupakwa rangi. Kijani, karibu, nyekundu, usiguse.

Leo kijani kilichokoza kikatokea mbele, karibu na kidari. Njia fupi, nzuri mno. Nikatia shaka, nikaifuata kipande kwa kipande, nikaliona kosa, na kosa ni langu. Mbavu nilizichukua kwa kipimo: katika vizio vya Hounsfield, ambavyo CT hupimia uzito wa kila kitu mwilini kwa jinsi kinavyozuia eksirei, hewa ni -1000, maji 0, mfupa mgumu mamia kwenda juu. Lakini ubavu haufiki kidarini ukiwa mfupa. Ncha yake ya mbele ni gegedu, laini zaidi, nayo iliponyoka kipimo changu. Kompyuta ikaona mlango palipo ukuta.

Nikazichora gegedu kwa mkono, saa nzima, nikipitia vipande kimoja kimoja kwa kipanya. Nikaiambia ihesabu upya. Kijani kikahamia ubavuni kulia, katikati ya mbavu mbili, sindano ikipita juu ya ukingo wa ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu na neva hujibanza chini ya kila ubavu. Nikajisifu kidogo.

Saa kumi na moja jioni, mkutano wa video. Daktari wetu akaitazama njia ile, akanyamaza, kisha: "Hii haipiti." Kwa nini? Sindano ya sentimita 20 ikizama 9, 11 zinabaki nje, na mpini na waya juu yake. Mgonjwa amelala ndani ya tundu la mashine ya CT lenye upana wa sentimita 70 hivi. Kwa pembe ile, mpini ungegonga ukuta wa tundu kabla ncha haijafika. Programu inaujua mwili. Habari za tundu hakuna aliyeipa. Tukachukua njia ya tatu, ndefu zaidi, nami nikaandikiwa kazi ya kesho: kuchora duara.

Saa mbili usiku nikamweleza bibi. Hakushangaa. Alikata uzi kwa meno, akauliza, "Na huyo mtu, alipona?"

"Sijui, bibi. Picha hazikuja na habari hiyo."

Akaikunja kofia ndani ya kanga. Nimeacha faili ya kesho ikishuka, kwa kuwa usiku intaneti haina msongamano. Asilimia 14.